Mnyonya Damu Akipiga Hodi

Bibi yangu hakuwahi kusema karibu. Alisema kalibu. Kisukuma chake hakikuwa na nafasi ya ile herufi ya kukwaruza, na alipofika mjini uzeeni hakuona sababu ya kuanza kuitafuta. Gari lilikuwa gali, kaburi lilikuwa kabuli, na ukimwamkia shikamoo aliitika malahaba kwa sauti ndefu, mpaka watoto wa jirani wakawa wanakuja kumwamkia mara nne kwa siku ili wapate kucheka. Aliwaitikia wote, mara zote nne. Nami nilicheka pamoja nao. Leo neno hilo moja la kalibu ndilo ninalolitamani kuliko sauti yoyote duniani, na nikisema duniani sitii chumvi.

Alikuja kwetu Kirumba, Mwanza, nikiwa darasa la tano, miaka ile ya tisini ambapo kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa koti la mtumba la mtu usiyemjua wala hutamjua. Baba alikuwa karani bandarini. Mama alikaanga samaki sokoni Mwaloni, na siku ambazo samaki wazima walikuwa wamekwenda zao viwandani alikaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Sisi watoto tuliambiwa Bibi amekuja kutibiwa macho.

Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Alikuwa amepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa karibu maisha yake yote ya ndoa, maana kule kwao, mbele ya Bujora, kuni zilikwisha kabla sijazaliwa, na moshi ule hauna huruma. Lakini matibabu yalikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili niliisikia mchana mmoja nikiwa nimejilaza mkekani, nikijifanya nimesinzia. Bibi alikuwa ameamka asubuhi akakuta karatasi imechomekwa mlangoni kwake. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliipeleka kwa katekista amsomee. Ilikuwa na neno moja tu: Hama.

Kule kwetu miaka ile, kikongwe mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa sababu hiyo na si nyingine. Baba hakungoja karatasi ya pili. Mama naye alinionya mara moja, akiwa ameshika mwiko: habari ya macho ya Bibi isitoke mdomoni mwangu, iwe kwa mzaha au kwa kweli. Nilimwelewa vizuri. Naliandika hilo mapema ili mtu asije akanitetea kwamba nilikuwa mtoto.

Bibi alikuwa na desturi moja iliyotuchosha sote. Hakuingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi. Hata akitoka chooni. Hata akitoka kuanika mboga uani, hatua sita tu. Alisimama nje ya pazia, akasema hodi, akangoja. Baba alimsihi, "Mama, hapa ni kwako." Akajibu kwamba nyumba ni ya mwanamke, mwanamke wa nyumba hii ni mkwe wake, na mama mkwe haingii kwa mkwe wake kama mbuzi anavyoingia shambani. Wazazi walipokuwa kazini, kazi ya kumwitikia ilikuwa yangu. Hodi. Karibu, Bibi. Hodi. Karibu, Bibi. Wakati mwingine niliitikia kwa hasira, nikiwa katikati ya hesabu za shule. Naye aliingia akitabasamu, akashukuru, kana kwamba nimemfungulia ikulu.

Juu ya kwetu, katikati ya majabali mawili, palikuwa na banda la video. Kuta zake zilikuwa mabati na magunia, umeme ulitoka kwenye jenereta iliyokohoa kuliko babu wa mtu yeyote, na alasiri, shule zikishatoka, ilikuwa zamu ya watoto. Kando ya televisheni alisimama mtafsiri na fimbo yake ya kuonyeshea. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha ila mdomo alijaliwa. Wazungu walisema maneno matatu, yeye akasema thelathini. Wao wakinyamaza, yeye aliendelea.

Ndiye aliyetuletea wale viumbe wawili. Wa kwanza alikuwa bwana mrefu mweupe mwenye joho jeusi, anayelala kaburini mchana na kunyonya watu damu jua likizama. Mtafsiri alianza kumwita mumiani, akaona watoto hatushtuki, akambadilisha kuwa mnyonya damu. Wa pili alikuwa mtu wa kawaida, mpole, ambaye mwezi ukiwa mpevu huota manyoya na kugeuka mnyama. Kitabu cha shule kilimwita mnyama yule mbwa mwitu. Mtafsiri alikataa katakata. "Mbwa amtishe nani hapa Kirumba?" alisema. Akamwita mtu-fisi, na banda zima likapiga kelele.

Bibi hakuweza kutazama video, mwanga ulimchoma. Kwa hiyo nilikuwa nikirudi namsimulia. Alikaa kwenye kigoda chake kivulini, akimenya njugu mawe, nami nikasimama mbele yake na kipande cha ufagio kama fimbo ya mtafsiri. Nimepata kazi nzuri maishani, nimesimama mbele ya watu wengi, lakini sijapata tena msikilizaji kama yule. Aliuliza maswali ambayo mtafsiri mwenyewe yangemtoa jasho.

"Huyo mnyonya damu ana ng'ombe?"

"Hana, Bibi. Ana jumba tu."

"Jumba tupu bila ng'ombe. Ndiyo maana." Akamenya njugu mbili tatu. "Na mtu akishanyonywa anakufa?"

"Anakufa."

"Basi ni mfugaji mbaya. Wale Watatulu wafugaji wanamtoboa ng'ombe shingo, wanakinga damu, wanaziba kidonda, kesho ng'ombe anakula majani. Huyu anaua anachokamua."

Akaniambia kuhusu wanyonya damu wa enzi zake, wakati wa wakoloni, ambao hawakuwa na joho wala meno marefu. Hao walikuja na gali. Wasichana wakisikia mlio barabarani walijilaza chini kwenye mkonge mpaka vumbi litulie, kwa sababu ilisemekana anayekamatwa anafungwa mpira mkononi na damu yake inapelekwa mbali kutengenezwa dawa. Nilimuuliza kama aliwahi kumwona aliyekamatwa. Alisema hapana, ila mkonge ulimchoma kweli, na akanionyesha kovu gotini.

Mtu-fisi hakumridhisha hata kidogo. Kwanza habari ya mwezi mpevu ilimchekesha mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mbalamwezi? Mbalamwezi ni ya kuchezea ngoma, watu wote wako nje! Mchawi anayetoka siku hiyo ni mjinga, wataona mpaka vidole vyake." Kwetu, alinieleza kwa subira, mtu hageuki fisi. Fisi anafugwa. Mchawi anaye wake kama wewe ulivyo na mbuzi, anamkamua, anampanda akienda safari zake, na kazi hiyo hufanywa gizani, mwezi ukiwa umekufa. Mchawi huyo hapigi hodi kwa mtu. Milango yote imefungwa na yeye yumo ndani, amesimama miguuni pako.

"Sasa huyo wa video, asubuhi anakumbuka alichofanya?"

"Hakumbuki. Analia."

Aliacha kumenya. "Huyo si mchawi. Huyo mgonjwa. Hana mama?"

Sikujua. Mtafsiri hakuwa amesema chochote kuhusu mama. Nikamwambia mwisho wake wanakijiji wanampiga risasi ya fedha, anakufa. Bibi alifikiri kidogo, akauliza, "Wanampiga kwa hela?" Nami, kwa kuwa mtafsiri alisema fedha na fedha ninayoijua mimi ni hiyo hiyo, nikasema ndiyo, Bibi, kwa hela. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema siku hizi hela ndiyo inaua kila mtu, hata fisi.

Kisha akauliza swali la mwisho la siku ile.

"Na wale wanakijiji walijuaje ni yeye?"

Nilijibu kabla sijafikiri. "Kwa macho. Yanabadilika rangi."

Njugu zilikuwa bado nusu kikapu. Bibi aliinuka, akajikung'uta maganda, akasema jua limemfuata pale alipokaa. Jua lilikuwa mbali kabisa na kigoda chake. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini haya ya mtoto haidumu, na kesho yake nilikuwa bandani tena.

Siku hiyo mtafsiri alitufundisha sheria. Mnyonya damu, alisema, hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Atasimama mlangoni hata mwaka, ukinyamaza haingii. Nilikimbia kuteremka mawe nikamwambie Bibi, maana nilijua ataipenda, na kweli aliipenda. Alipiga makofi. "Kumbe ana adabu! Kumzidi mchawi wetu! Na mwenye nyumba akinyamaza?"

"Anaondoka."

"Masikini," alisema Bibi. "Masikini, kasafili kote huko."

Rafiki yangu wa nyumba ya pili alikuwa mtoto wa mwalimu kutoka Kagera, mwenye akili za kutosha watu watatu. Kwao mambo ya macho mekundu hayakuwapo, kwa hiyo kwake ulikuwa mchezo tu kama rede. Ndiye aliyeanza kuhesabu dalili za mnyonya damu tulizoziona bandani. Bibi yako anakwepa jua. Sikubisha. Hana kioo, hajitazami. Kweli. Hali kitunguu saumu. Kweli, kilimchoma tumbo. Macho yake... Hapo nilipaswa kumziba mdomo. Badala yake nilihisi baridi tamu ya woga mgongoni, ile ile niliyoihisi bandani, na nikaona fahari, Mungu anisamehe, kwamba video imehamia nyumbani kwetu.

"Na kila siku anapiga hodi," rafiki yangu alimalizia kwa kunong'ona. "Sasa usipomkaribisha?"

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Tulingoja siku Bibi alipokwenda zahanati kuchukua dawa ya macho. Alikwenda kwa miguu, kanga imefunika uso, na aliporudi ilikuwa saa tisa, jua la Mwanza likiwa juu ya majabali, na majabali yenyewe yakilirudisha. Tulikuwa ndani, tumekaa sakafuni nyuma ya kochi. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Chini ya pazia niliona miguu yake ikifika: katambuga zake za tairi, vumbi mpaka kwenye vifundo, na ncha ya muwa aliokuwa akiukokota kama fimbo.

"Hodi," alisema.

Rafiki yangu alinishika mkono. Nilibana pumzi.

"Hodi hapa."

Miguu haikusogea. Nilitegemea aingie. Naapa nilitegemea aingie, aseme mbona kimya, nicheke, tumalize. Sikujua kwamba mtu mwenye adabu na mnyonya damu wanasimama mlangoni kwa namna moja.

"Hodi wenyewe." Hiyo ilikuwa ya tatu, ya sauti ndogo, na baada ya hodi ya tatu mgeni hana haki tena. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Umeona? Haingii!" na akashindwa kujizuia, akacheka puani. Nami nikacheka. Ni kicheko kifupi. Hata leo ninaweza kukisikia nikitaka, na nisipotaka pia.

Miguu ikakaa pale muda mrefu kuliko hodi zote tatu. Kisha muwa ukalazwa taratibu kizingitini, upande wa ndani, na katambuga zikageuka.

Mama alipotoka Mwaloni alimkuta Bibi juu ya jiwe nje, juani, kanga usoni. "Mama, mbona umekaa huku na jua lote hili?" Bibi akasema anapunga upepo. Upepo haukuwapo. Mama akasema karibu ndani, na Bibi akaingia. Hakunisema. Nilingoja aniseme mpaka usiku, na kesho yake, na keshokutwa. Muwa niliutafuna. Naliandika na hilo.

Baada ya siku tatu alimwambia Baba anataka kwenda kwa binti yake Buswelu. Huko wakati ule kulikuwa mashamba ya mihogo na nyumba za kuhesabu. Alisema mikono yake imechoka kukaa bure, anataka palizi. Baba alishangaa, akamuuliza kama kuna aliyemkosea. Bibi akasema hapana, nyumba ni nzuri, ila majabali yana joto. Akabeba kigoda chake mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Jioni ile Mama alipopita uani akitokea kuanua nguo, nilijikuta nimesema karibu. Mama akaniuliza namkaribisha nani.

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Miaka yote nilidhani ni mfano tu.

Nilikuwa nikienda Buswelu kila likizo. Sikuwahi kufika mara ya pili ya hodi. Nikisema "ho" tu, ndani ilitoka "Kalibu!" kubwa, ya haraka, kama vile alikuwa ameketi anaingoja. Alinikaribisha hivyo nikiwa sekondari, nikiwa chuoni, nikiwa nimevaa viatu vya mtu wa ofisini. Kila mara nilitaka kumwambia, na kila mara alikuwa ameshaleta viazi vitamu na maziwa mgando, na aliuliza habari za video. Mabanda yalikuwa yameanza kufa, watu wana televisheni majumbani, lakini kwa ajili yake nilitunga. Wanyonya damu wangu wa Buswelu walikuwa na ng'ombe wengi, na mtu-fisi alikuwa na mama.

Mwaka wake wa mwisho macho yalizima kabisa. Wekundu uliondoka, ukaja ukungu mweupe. Nilikaa karibu yake mchana mmoja, shangazi akiwa shambani, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mihogo:

"Siku ile na mwenzio nyuma ya kochi. Ulikuwa mtihani, siyo?"

Niliitikia kwa kichwa, nikisahau kwamba haoni. Nadhani alisikia.

"Nilijua. Ulinifundisha mwenyewe ile shelia." Akapapasa akapata mkono wangu. "Nilifikili sana pale nje, ng'wanawane, mwanangu. Nikingoja, mimi mnyonya damu wa video. Nikiingia bila kukalibishwa, mimi mchawi wa kule kwetu. Nikatafuta mlango wa mtu wa kawaida, nikauona haupo." Hakuwa na hasira. Ndilo jambo ambalo sijalizoea mpaka leo. "Basi niambie. Nilifaulu?"

Nililia kama mtoto wa darasa la tano. Nikamwambia alifaulu, ni mimi niliyefeli, nisamehe Bibi. Akasema alishasamehe siku ile ile, juu ya jiwe, kwa sababu jiwe lilikuwa la moto na mtu hawezi kukalia jiwe la moto na kinyongo kwa pamoja. Akacheka. Lakini mimi sikutaka msamaha peke yake, nilitaka kulipa. Nikamshika mkono nikamwinua. Nikamwomba twende mpaka nje ya mlango, asimame pale, mimi nirudi ndani, apige hodi mara moja tu ili nimwitikie.

Alikubali kuinuka. Tukatoka mpaka barazani, nikarudi ndani mbio, nikasimama katikati ya chumba na neno likiwa tayari kinywani. Nilingoja. Kisha nikasikia katambuga zake zikiburuzika, na Bibi akaingia, akipapasa ukuta, moja kwa moja mpaka kwenye kigoda chake.

"Bibi, hujapiga hodi."

"Hapa kwa binti yangu," alisema, akijiweka sawa, "sipigi hodi."

Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule, akazikwa hapo hapo Buswelu. Kirumba hakurudi tena. Sasa nina nyumba yangu, na watu wakipiga hodi saa tisa, jua likiwa kali, najibu kabla hawajamaliza. Watoto wangu hunisahihisha. Mama, ni karibu, si kalibu. Nawaambia najua.